Kilima Kama Kipimo: Njia ya Kwenda Irente

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, mji wa Lushoto huwa bado umejifunika ukungu. Moshi wa kuni hupenya polepole katika mapaa ya nyumba za bondeni, na akina mama wanaopeleka mboga sokoni hutembea wamejitanda khanga juu ya sweta. Asubuhi moja ya namna hiyo watu watatu walitoka mjini kwa miguu na kushika njia ya kwenda Irente: mwalimu mstaafu wa jiografia mwenye umri wa miaka 61, binti yake ambaye ni muuguzi katika mkoa mwingine, na mjukuu wa kiume wa miaka 10 aliyekuja likizo. Walikusudia kufika ukingoni mwa jabali, waitazame nyika, kisha warejee kabla jua halijawa kali.

Safari yenyewe ni fupi. Kutoka mjini Lushoto, ulioko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari katika Milima ya Usambara Magharibi, hadi Irente ni kilomita 5 au 6 hivi. Njia hupanda kwa mizunguko kati ya mashamba ya mahindi, maharage na kabichi, huingia chini ya kivuli cha mikaratusi, hupita jirani na shamba la Irente linalosifika kwa jibini na mkate wake, kisha hukoma ghafla. Mbele hakuna tena mlima. Ardhi imekatika, na karibu mita 1,000 chini yake nyika imetandaa kuelekea magharibi hadi jicho linaposhindwa.

Kwa wageni wengi, hayo ni matembezi ya kujiburudisha. Kwa mwalimu huyu, ambaye jina lake halitajwi hapa, yalikuwa ni kutekeleza agizo. Kwa miaka mitatu alikuwa akihudhuria kliniki ya shinikizo la damu. Kila alipofika alipimwa, akapewa vidonge, na mwishoni akaambiwa maneno mawili: fanya mazoezi. Kila mara aliitikia kwa kichwa, kama wanafunzi wake walivyokuwa wakiitikia somo ambalo hawajalielewa.

Agizo lisilo na dozi

Hakuna mhudumu wa afya awezaye kumpa mgonjwa kopo la vidonge na kumwambia "meza dawa" pasipo kutaja ni vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya chakula, na ni dalili gani ikitokea aache. Lakini mazoezi, ambayo nayo hubadili mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha sukari, hutolewa kwa namna hiyo kila siku. Mgonjwa huachiwa abuni dozi mwenyewe. Mmoja hukimbia siku ya kwanza hadi akaogopa, asirudie tena. Mwingine huhesabu kazi zote za nyumbani kuwa mazoezi, hata zile anazozifanya akiwa ameketi. Wa tatu hukaa kimya kwa sababu kuna jambo linalompata kila anapopanda kilima, naye hajui kama ni jambo la kusema.

Dozi ipo, wala haina siri. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawashauri watu wazima kufanya shughuli za mwili za kiwango cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au zile za kiwango cha juu kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Dakika 150 ni sawa na kutembea nusu saa kwa siku tano. Miongozo hiyohiyo inasisitiza kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na kwamba asiyezoea aanze na kidogo na kuongeza taratibu.

Neno "wastani" ndilo linalowatatiza wengi, lakini kipimo chake hakihitaji mashine. Anayetembea kwa kiwango cha wastani huweza kuzungumza sentensi nzima, ila hawezi kuimba. Anayeweza kutamka maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi amekwisha kuingia kiwango cha juu. Kipimo hiki cha mazungumzo kinawafaa hasa wagonjwa wanaotumia dawa zinazopunguza kasi ya moyo, kama vile atenololi na bisoprololi, kwa kuwa kwao mapigo ya mkononi hayasemi kweli yote: mwili unaweza kuwa umekwisha kuchoka ilhali mapigo bado yako chini.

Kona isiyo na mandhari

Mjukuu alikuwa na maswali mengi. Kwa nini Lushoto kuna baridi na Mombo kuna joto? Mwalimu alimweleza kwa furaha, akitumia fimbo yake kuonyesha jinsi hewa ipandayo inavyopoa. Nani alichonga barabara ile? Akaeleza habari za Wajerumani waliouita mji huo Wilhelmstal. Kadiri njia ilivyozidi kuinuka, majibu yalizidi kufupika. Sentensi zikawa vifungu, vifungu vikawa neno mojamoja, na mwishowe mwalimu akawa anajibu kwa kunyoosha fimbo tu. Binti yake, aliyekuwa nyuma yao hatua chache, aliyasikia yote hayo bila kusema lolote.

Walipofika kwenye kona moja kali, mwalimu akasimama. Aliegemea fimbo kwa mikono miwili na kusema kwamba watazame bonde.

"Baba, bonde liko nyuma ya miti," binti alisema kwa upole. "Hapa tunatazama nini?"

Upande mmoja wa kona hiyo kulikuwa na ukuta wa udongo mwekundu, na upande wa pili mikaratusi iliyosongamana. Hapakuwa na kitu cha kutazama. Mwalimu alitabasamu, akaingiza mkono mfukoni na kutoa karatasi ya vidonge vya kutuliza tindikali tumboni, vitatu vikiwa vimebaki.

"Ni kiungulia tu, mwanangu. Kila nikifika kona hii kinanikamata. Nikisimama kidogo, kinaniacha."

Muuguzi alijua kwamba kiungulia hakijui kona ya njia. Alimketisha baba yake juu ya jiwe na kuuliza maswali ambayo kwa miaka mitatu hayakuwa yameulizwa. Kilianza lini? Tangu masika. Kinakaa wapi? Mwalimu hakuonyesha kwa kidole, alikunja ngumi na kuiweka katikati ya kifua. Kinakwenda kokote? Siku nyingine hadi kwenye taya. Kinadumu kwa muda gani? Dakika mbili au tatu, mradi asimame. Je, humjia akiwa amekaa au amelala? Hapana. Kimezidi wiki hizi? Hapana, ni vilevile, kona ileile. Kwa nini hukusema kliniki? Kwa sababu, mwalimu alijibu, pale kliniki hakuna mlima.

Mjukuu aliuliza kama wamekaribia. Babu yake akasema bado kidogo tu, akataka kuinuka. Alikuwa amemwahidi mtoto kumwonyesha nyika, na mwalimu wa jiografia hapendi kuvunja ahadi ya namna hiyo. Binti alimwekea mkono begani.

"Jabali halihami, baba. Tutalikuta."

Walikaa hapo hadi maumivu yalipokwisha kabisa, wakangoja gari lililokuwa likishuka na kurudi mjini. Siku hiyo hiyo walikwenda hospitalini.

Alichokiona Heberden

Kisa cha kona hiyo kina ukoo mrefu katika elimu ya tiba. Mwaka 1768 daktari William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake jijini London juu ya wagonjwa wanaobanwa kifua wakiwa wanatembea, hasa wakipanda mlima na punde baada ya kula, na jinsi hali hiyo inavyotoweka mara tu wanaposimama. Aliyaita maradhi hayo angina pectoris. Hakuwa na mashine ya kupima umeme wa moyo, wala hakujua kwa hakika kiini cha maradhi hayo. Alichokuwa nacho ni masikio ya kuwasikiliza wagonjwa na kilima walichokisimulia.

Kiini kinajulikana leo. Moyo hulishwa na mishipa yake wenyewe, nayo huweza kusinyaa kwa ndani kutokana na utando wa mafuta unaojengeka kwa miaka mingi, hasa kwa wenye shinikizo la damu, kisukari, lehemu nyingi au wanaovuta sigara. Mtu akiwa ameketi, njia hiyo nyembamba inatosha. Akipanda kilima, moyo hupiga kwa kasi na nguvu zaidi, hudai damu nyingi zaidi, na mshipa uliosinyaa hauwezi kuipitisha. Msuli wa moyo hulalamika kwa kubana. Akipumzika, dai hupungua na maumivu huondoka. Baridi huongeza mzigo, kwa kuwa hukaza mishipa ya damu. Shibe nayo huongeza mzigo. Mwalimu alikuwa ametoka nyumbani asubuhi ya Julai, baada ya chai na viazi vitamu, akashika njia ya kupanda. Mambo matatu yalikutana kwenye kona moja.

Ni lazima kutofautisha hali mbili. Maumivu yanayotokea kwa kiasi kilekile cha kazi, yakaondoka kwa kupumzika dakika chache, yanahitaji uchunguzi bila kuchelewa. Maumivu yanayokuja mtu akiwa amepumzika, yanayozidi au kutokea kwa kazi ndogo kuliko zamani, yasiyoondoka kwa kupumzika, au yanayoambatana na jasho baridi, kichefuchefu, kuishiwa pumzi au kuzimia, ni dharura: huenda ni shambulio la moyo. Mgonjwa huyo asitembee kwenda hospitalini, asafirishwe haraka. Aidha, wanawake, wazee na wenye kisukari huweza wasisikie maumivu kabisa, bali uchovu usio wa kawaida au kukosa pumzi wanapopanda kilima ambacho zamani walikipanda bila shida.

Moyo uliolala na moyo unaopanda

Kipimo cha umeme wa moyo alichofanyiwa mwalimu akiwa amelala kitandani hakikuonyesha kasoro kubwa. Hilo halishangazi. Kwa wagonjwa wengi wa aina yake, kipimo hicho huwa sawa wakati wa mapumziko, kwa kuwa moyo uliolala hauna cha kulalamikia. Kilichowaongoza madaktari ni maelezo ya kona, yaliyothibitishwa baadaye kwa vipimo vingine. Mwalimu alipewa aspirini ya dozi ndogo, dawa ya kupunguza lehemu, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, na dawa zake za shinikizo la damu zikarekebishwa. Alipewa pia vidonge vya naitroglisirini vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Alifundishwa kuketi kwanza kabla ya kuviweka, kwa sababu hushusha shinikizo la damu na huweza kuleta kizunguzungu, na kutovichanganya kamwe na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili. Aliambiwa kwamba maumivu yasipopungua dakika tano baada ya kidonge cha kwanza, atafute msaada wa dharura.

Kisha, kwa mara ya kwanza, alipewa dozi ya kutembea. Wiki mbili za mwanzo atembee kwenye tambarare dakika 10, mara mbili kwa siku, saa moja au zaidi baada ya chakula, huku akiweza kuzungumza sentensi nzima. Kila wiki aongeze dakika tano kwa siku, mradi kifua kimetulia. Dakika za kwanza ziwe za polepole ili moyo upashwe moto, na za mwisho ziwe za polepole ili upoe. Kifua kikibana, asimame hapohapo, asijitie kutazama bonde. Mwalimu aliyaandika hayo kwenye daftari la kazi, akachora jedwali la siku na dakika.

Wapo wanaodhani kwamba mgonjwa wa moyo anapaswa kuketi tu. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliketi kutwa nzima, na makondakta walipanda na kushuka ngazi kutwa nzima. Maradhi ya mishipa ya moyo yaliwapata makondakta kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na yalipowapata yalikuwa na ukali mdogo. Watafiti haohao walibaini baadaye kwamba madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipoajiriwa, kwa kuwa suruali za sare zao zilikuwa na viuno vipana zaidi; hivyo ngazi peke yake haikuwa maelezo yote. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata zimeunga mkono kiini cha hoja hiyo: mwili unaopanda mara kwa mara, kwa kiasi chake, hujenga moyo unaostahimili.

Kurudi kwenye jabali

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za vuli, watu watatu walewale walishika njia ya Irente. Mjukuu alikuwa ameomba ruhusa ya kuja mwisho wa wiki. Walitoka saa mbili, baridi ikiwa imepungua na chai imekwisha kutulia tumboni. Walitembea kwa mwendo wa sentensi nzima. Kila mwalimu alipoanza kujibu kwa neno moja, mjukuu, ambaye naye alikuwa amefundishwa kipimo hicho, alisema, "Babu, sentensi!" na wote wakapunguza mwendo. Kwenye ile kona yenye ukuta wa udongo mwekundu mwalimu alisimama, si kwa kubanwa, bali kwa kusikiliza. Kifua kilikuwa kimya. Wakaendelea.

Iliwachukua muda wa saa mbili na dakika chache, muda ambao kijana angeutumia kwenda na kurudi. Miti ikaisha, upepo ukawapiga usoni, na nyika ikafunguka chini yao. Huko chini kulionekana mabati ya Mazinde yakimetameta, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha yenye malori madogo kama punje za mtama, na njia ya zamani ya reli itokayo Tanga. Zaidi ya hapo ilikuwa ni ardhi ya rangi ya kahawia na nyekundu, yenye vivuli vya mawingu vikitambaa juu yake. Mwalimu alimwonyesha mjukuu vyote kimoja kimoja. Akamweleza kwamba milima waliyosimama juu yake ni sehemu ya Tao la Mashariki, ukanda wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Alizungumza kwa sentensi ndefu.

Kushuka hakukuwa mapumziko, kama wengi wanavyodhani. Mtu anaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia mwili huku ikirefuka, na magoti hubeba mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo maana misuli huuma siku moja au mbili baadaye, na ndiyo maana mwenye magoti mabovu anahitaji fimbo, hatua fupi na viatu visivyoteleza. Lakini kazi hiyo ina malipo yake. Watafiti wa Austria waliwapandisha watu mlima kwa miguu na kuwashusha kwa gari la kamba, kisha wakafanya kinyume chake. Kupanda kulipunguza zaidi mafuta ya aina ya trigliseridi katika damu, na kushuka kuliboresha zaidi jinsi mwili unavyoitumia sukari. Wenye kisukari wanaotumia insulini au dawa kama glibenklamaidi wanapaswa kubeba kitu cha sukari mfukoni, kwa kuwa kiwango cha sukari kinaweza kushuka wakiwa njiani au hata saa kadhaa baada ya kurudi. Nao waikague miguu yao kabla na baada ya safari, kwani jiwe dogo ndani ya kiatu huweza kuanzisha kidonda kwa mtu asiyesikia maumivu.

Swali moja la kuongeza kliniki

Si kila mgonjwa anaishi Lushoto, lakini karibu kila mgonjwa ana kilima chake. Kwa mmoja ni mteremko wa kwenda kisimani, kwa mwingine ni ngazi za ghorofa ya pili, kwa mwingine ni daraja la juu la waenda kwa miguu kituoni. Mhudumu wa afya anaweza kukigeuza kilima hicho kuwa kipimo kwa kuuliza maswali matatu yasiyozidi dakika moja: Ni wapi karibu na nyumbani kwako unapopanda? Je, huwa unasimama njiani, na kwa nini? Je, mwaka jana ulikuwa unasimama hapohapo? Majibu hayo yaandikwe katika faili kama yanavyoandikwa mapigo ya moyo, na yaulizwe tena kila ziara. Kona inayosogea karibu na nyumbani ni habari mbaya. Kona inayotoweka ni habari njema.

Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Kile anachokiita kiungulia, uchovu au uzee, kama kinakuja kila anapopanda na kuondoka kila anaposimama, akiseme kwa maneno hayohayo. Wala asione haya kurudi kabla ya kufika kileleni, kwa kuwa kujua mahali pa kugeukia ni sehemu ya dozi.

Daftari la mwalimu lingali na jedwali lake. Katika safu ya tarehe ya Oktoba, mahali pa kuandika dakika, ameandika 128. Katika safu ya mwisho, yenye kichwa cha dalili, ameandika neno moja: mandhari.